Kuendesha Klabu ya Wachoraji wa Rangi za Mafuta: Kalenda, Masomo ya Vitendo na Maonyesho

Klabu ya wachoraji wanaotumia rangi za mafuta huwa na shughuli kuu tatu: mikutano ya wanachama, masomo ya vitendo ambamo mchoraji mmoja huchora mbele ya wenzake, na maonyesho ya picha kwa umma. Mara nyingi shughuli hizo hupangwa kila moja kivyake, kwa kufuata nafasi ya ukumbi na wepesi wa watu, na matokeo yake hujulikana wiki ya maonyesho inapofika: picha zinaletwa zikiwa bado mbichi, fremu zinagandana na rangi, na kazi nzuri iliyoanzwa baada ya somo la mwisho inaachwa nyumbani kwa sababu haiwezi kusafirishwa. Mwongozo huu unashauri kwamba kalenda nzima ya klabu ifuate muda ambao rangi ya mafuta inahitaji ili ikauke. Muda huo haubembelezeki, ilhali tarehe za mikutano na za masomo zinaweza kusogezwa.

Ukaukaji wa rangi na kalenda ya mwaka

Rangi ya mafuta ni unga wa rangi uliosagwa ndani ya mafuta yanayokauka, aghalabu mafuta ya mbegu za kitani, na pengine ya jozi au ya mipopi. Rangi ya maji hukauka maji yake yanapopotelea hewani, lakini mafuta haya hubaki palepale kwenye picha, yakavuta oksijeni kutoka hewani na kugeuka taratibu kuwa utando mgumu. Ndiyo maana picha iliyofungiwa katika chumba chenye giza, baridi na hewa isiyozunguka huchelewa sana kukauka. Kasi hutofautiana pia kwa aina ya rangi. Rangi za kahawia za udongo zenye manganizi, kama ile iitwayo umba, zikipakwa nyembamba huweza kushikika baada ya siku moja au mbili, lakini nyeupe ya titani na nyeusi ya mifupa huweza kuchukua wiki nzima au zaidi, na rangi iliyorundikwa kwa kisu hufanya ngozi kwa juu huku ndani ikibaki laini kwa miezi. Kushikika bila kuchafua kidole, hata hivyo, si kukauka kabisa. Picha ya unene wa kawaida huhitaji kati ya miezi 6 na 12 kabla ya kupakwa vanishi ya mwisho ya aina iliyozoeleka, ingawa baadhi ya vanishi za kisasa huruhusu muda mfupi zaidi kama maelezo ya mtengenezaji yanavyoonyesha.

Kamati ya klabu ichukue tarehe ya ufunguzi wa maonyesho na kuhesabu kwenda nyuma. Picha zenye rangi nene, hasa zilizochorwa kwa kisu, zikamilike angalau miezi 6 kabla. Picha zilizojengwa kwa tabaka kadhaa nyembamba zikamilike miezi 3 kabla. Na picha zilizochorwa kwa mkao mmoja, rangi mbichi juu ya rangi mbichi, bila kurundikwa, zinaweza kukubaliwa hadi wiki 5 au 6 kabla ikiwa zinashikika. Mwanachama anayechelewa anaweza kutumia kimiminika cha alkidi, ambacho huharakisha ukaukaji wa tabaka nyembamba hadi kufikia takriban siku moja, lakini naona si vizuri kukifanya kuwa tegemeo la klabu nzima, kwa kuwa hubadilisha mwendo wa brashi na humnyima mchoraji ile nafasi ya kurekebisha ambayo ndiyo fadhila kubwa ya rangi za mafuta.

Hesabu hiyo hutoa mpangilio wa masomo bila mabishano. Somo la kutumia kisu na rangi nene huwekwa mwanzoni mwa mwaka, ili wanachama wapate muda wa kuiga walichokiona na kazi zao zikauke. Somo la kujenga picha kwa tabaka hufuata, kisha somo la kuchora kwa mkao mmoja. Miezi ya mwisho kabla ya maonyesho hubaki kwa masomo yasiyozaa rangi mbichi: kutengeneza fremu, kuandika lebo, kupiga picha za kazi kwa ajili ya kumbukumbu, na kutundika.

Mikutano

Mambo ya michango, ripoti na uchaguzi yasichukue zaidi ya robo ya mkutano, na taarifa zinazoweza kuandikwa zitumwe kwa maandishi mapema. Muda unaobaki ni wa kuangalia kazi. Picha tatu au nne kwa mkutano zinatosha, kila moja ikipewa dakika 10 hadi 15, na mwenye picha aseme kwanza anatafuta nini: je, anataka sura ya mtu isogee mbele, au ana shaka na rangi ya kivuli? Swali lake ndilo linaloongoza maoni. Wenzake waanze kwa kueleza wanachokiona kabla ya kusema wanachokipenda, kwa sababu mchoraji husaidika zaidi akisikia kwamba jicho la mtazamaji limekwenda kwenye pembe ya picha kuliko akisikia kwamba picha inapendeza. Inafaa kazi iletwe ikiwa haijakamilika. Picha iliyokwisha kukauka na kuingizwa kwenye fremu haiwezi tena kunufaika na ushauri wowote.

Somo la vitendo: kuchagua jambo la kufundisha

Mwaka 1835, katika jumba la British Institution jijini London, mchoraji J. M. W. Turner alimalizia picha yake ya kuungua kwa majengo ya Bunge la Uingereza ikiwa tayari imetundikwa ukutani, huku wachoraji wenzake wakimtazama. Mmoja wa waliokuwapo alisimulia kwamba Turner alipomaliza alifunga sanduku lake la rangi akaondoka bila kusema na mtu. Walioshuhudia waliona umahiri usio na kifani, lakini hawakupewa sababu ya hata mguso mmoja wa brashi. Somo la klabu lazima liwe kinyume cha hapo, kwa maana watu hawaji kutazama picha ikikamilika. Wanakuja kusikia kwa nini mchoraji amechagua rangi hii na kuacha ile, na kwa nini amesimama mahali fulani na kufuta.

Kwa hiyo mkufunzi apewe swali moja, lililokubaliwa na kamati wiki kadhaa kabla. "Kuchora mandhari" si swali, ni bahari. "Namna ya kupata kivuli chenye uhai bila kutumia nyeusi tupu", "namna ya kulainisha ukingo wa kitu ili kirudi nyuma", au "namna ya kuchora ngozi kwa rangi chache" ni maswali ambayo mtu anaweza kwenda nayo nyumbani na kuyajaribu kesho yake. Kwa klabu yenye wanaoanza wengi, mpangilio wa rangi nne unaohusishwa na Anders Zorn, mchoraji wa Sweden aliyeishi kati ya 1860 na 1920, unafaa sana: nyeupe, njano ya udongo, nyekundu angavu na nyeusi. Nyeusi ya mifupa ikichanganywa na nyeupe huonekana kama buluu iliyopoa ikikaa kando ya rangi za joto, na hadhira inayoona michanganyiko minne au mitano tu ikizaa picha nzima huweza kufuata kila hatua. Mkufunzi akija na rangi ishirini, nusu ya ukumbi hupotea kabla ya mapumziko.

Wengi huchagua mkufunzi kwa uzuri wa picha zake peke yake. Mimi ningetanguliza uwezo wa kusema huku mkono ukifanya kazi, kwa sababu wako wachoraji bora ambao hunyamaza kabisa brashi inapogusa kanvasi, na hilo si kosa lao. Mchoraji wa namna hiyo aalikwe pamoja na mwenzake anayeifahamu kazi yake, atakayekuwa anamuuliza kwa niaba ya hadhira.

Kupanga chumba

Tatizo kubwa la masomo haya ni kwamba watu wa nyuma hawaoni. Kanvasi ya sentimita 40 kwa 50 ni kipimo kinachofaa: ikiwa ndogo zaidi haionekani kwa mbali, na ikiwa kubwa zaidi haitajazwa ndani ya saa mbili. Viti vipangwe kwa upinde, vikiwa vimesogezwa kuelekea kushoto kwa mkufunzi ikiwa anatumia mkono wa kulia, kwa kuwa mkono na bega lake huwaziba walio upande wa kulia. Kwa anayetumia mkono wa kushoto, mpango ugeuzwe. Kitu kinachochorwa, kama ni mtungi na matunda au ni mtu aliyeketi, kiwekwe mahali ambapo hadhira nayo inakiona, la sivyo watu watakuwa wanaangalia majibu bila kuliona swali.

Ubao wa kuchanganyia rangi usisahauliwe. Nusu ya maamuzi hufanyika pale, wala si kwenye kanvasi, na mara nyingi ubao huo hulazwa juu ya meza ambapo hauonekani na yeyote. Kamera ndogo iliyofungwa juu yake na kuunganishwa na projekta au televisheni hutatua jambo hili. Pasipo na vifaa hivyo, kioo kikubwa kilichoinamishwa juu ya meza kinatosha, au ubao wenyewe usimamishwe kando ya kanvasi, kwani rangi ya mafuta iliyo nzito haitiririki.

Taa ziwe nyeupe inayokaribia mwanga wa mchana, takriban kelvini 5000 (kipimo cha rangi ya mwanga wa taa), na taa inayoangaza kanvasi iwe ya aina ileile inayoangaza ubao wa rangi, kwa sababu mchanganyiko unaoonekana wa kijivu chini ya taa ya njano hubadilika mara unapofika kwenye mwanga mwingine. Rangi mbichi hung'aa kama kioo, kwa hiyo mwanga utoke juu na kidogo kando. Kabla watu hawajafika, mtu mmoja apake mafuta kwenye kanvasi ya majaribio, aiweke mahali pake, kisha aketi kwenye kila kiti cha pembeni na kuangalia. Jaribio hilo likifanywa kwa kanvasi kavu halionyeshi lolote.

Mwendo wa somo lenyewe

Kanvasi itayarishwe mapema: tabaka za jeso ya akriliki, yaani rangi nyeupe ya kuandalia kanvasi inayochanganywa na maji, kisha rangi nyembamba ya akriliki ya kahawia au kijivu ili weupe usimsumbue mkufunzi anapopima mwanga na kivuli. Rangi ya mafuta inakaa vizuri juu ya akriliki iliyokauka. Kinyume chake hakifai hata kidogo, kwa maana akriliki haishikamani na mafuta na baada ya muda hubanduka.

Kwa somo la saa mbili, dakika 15 za kwanza zitumike kueleza swali, rangi zilizochaguliwa na mahali picha inapoelekea. Kisha mkufunzi achore mistari michache kwa rangi iliyopunguzwa, na kuweka maumbo makubwa ya kivuli na mwanga kwa brashi pana, bila kugusa macho, majani wala mapambo yoyote. Maumbo makubwa yakishakaa, na kabla ya undani wowote, ndipo mapumziko yanapostahili kuwekwa. Watu wasogee karibu, waione kanvasi kwa umbali wa mkono, waulinganishe ubao wa rangi na picha. Huu ndio wakati ambao wanaoanza hujifunza mengi kuliko wote, kwa sababu wanaona jinsi picha inayoahidi mema inavyoweza kuwa ghafi na ya mabaka katikati ya safari, jambo ambalo picha zilizokamilika ukutani haziwezi kuwaonyesha. Sehemu ya pili ishughulikie swali lililotangazwa, hata kama pembe za picha zitabaki wazi. Mkufunzi asilazimishwe kumaliza. Haraka ya dakika za mwisho humfanya aache kusema, na anayeacha kusema ameacha kufundisha.

Maswali yapokelewe na msaidizi mmoja aliyeketi mbele, ayakusanye na kuyauliza mkufunzi anapopumzisha mkono. Ukumbi mzima ukiruhusiwa kuuliza ovyo, rangi hukauka kwenye mawazo ya mchoraji kabla ya kufika kwenye kanvasi.

Somo la kujenga picha kwa tabaka lina ugumu wake, kwani tabaka ya chini haiwezi kukauka mbele ya watu. Mkufunzi alete kanvasi tatu za picha ileile: moja yenye mchoro na tabaka ya kwanza, ya pili yenye maumbo ya mwanga na kivuli yaliyokwisha kukauka, na ya tatu iliyo tayari kupokea rangi za kupitisha mwanga. Atafanya kazi kidogo juu ya kila moja, na hapo ndipo kanuni kuu ya rangi za mafuta inapoeleweka kwa macho: tabaka za chini ziwe na mafuta machache, na kila tabaka inayofuata iwe na mafuta kidogo zaidi. Tabaka yenye mafuta mengi hukauka polepole na kuendelea kusogea. Ikiwa chini ya tabaka iliyokauka upesi, ile ya juu hupasuka.

Hewa, vitambaa na viyeyusho

Jambo hili lisipuuzwe kwa sababu ya mazoea. Tapentaini na viyeyusho vinavyofanana nayo hutoa mvuke unaoumiza kichwa na mapafu, na kiyeyusho kisicho na harufu nacho hutoa mvuke, hata kama pua haiutambui. Madirisha yafunguliwe pande mbili ili hewa ipite, chombo cha kuoshea brashi kiwe na kifuniko, na katika chumba kidogo brashi zifutwe kwa kitambaa na kuoshwa kwa mafuta, kisha kwa sabuni, bila kiyeyusho kabisa. Baadhi ya rangi zina kadimiamu, na nyeupe ya zamani ina madini ya risasi, na vyote viwili ni sumu. Wanaozitumia wasile wakiwa kazini wala wasisugue picha kavu kwa msasa.

Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani ni hatari ya kweli. Mafuta yanapovuta oksijeni hutoa joto, na vitambaa vikikunjwa na kurundikwa pipani joto hilo halina pa kutokea, hupanda, na rundo huweza kuwaka lenyewe saa kadhaa baada ya ukumbi kufungwa. Kabla ya kuondoka, vitambaa vyote vitandazwe kimoja kimoja nje vikauke, au vitiwe kwenye kopo la chuma lenye maji na kifuniko. Mtu mmoja atajwe kwa jina katika kila somo kuwa ndiye mwenye jukumu hilo. Kiyeyusho kilichotumika kiachwe kitulie, kile kisafi cha juu kimiminwe na kutumika tena, na tope la chini lipelekwe panapopokelewa taka za kemikali. Kisimwagwe kwenye sinki.

Kuchagua kazi za maonyesho

Mabishano makali zaidi katika klabu hutokea hapa, na si mapya. Mwaka 1874 kundi la wachoraji waliochoshwa na kamati ya uteuzi ya maonyesho rasmi ya Paris lilifungua maonyesho yake katika iliyokuwa studio ya mpiga picha Nadar, na miaka kumi baadaye, 1884, Chama cha Wasanii Huru kilianzishwa katika jiji hilohilo kwa msimamo wa kutokuwa na kamati ya uteuzi wala tuzo. Kwa upande mwingine, maonyesho ya majira ya joto ya Royal Academy ya London, ambayo yamefanyika kila mwaka tangu 1769, hupokea kazi za yeyote lakini huzichuja. Kwa klabu ndogo naona njia ya kati ndiyo ya haki: kila mwanachama aliyehudhuria kwa kiwango kilichokubaliwa awe na nafasi ya picha moja anayoichagua mwenyewe, na nafasi zinazobaki zijazwe na kamati ambayo wajumbe wake hubadilishwa kila mwaka. Sharti la kuwa kavu, lakini, lisiwe na upendeleo. Picha inayochafua kidole kwenye ukingo siku ya kupokelewa irudishwe kwa heshima, hata kama ni ya mwenyekiti.

Kutundika

Picha zipangwe kwanza sakafuni, zikiegemea ukuta, hadi kila jirani aonekane anamstahi mwenzake. Picha kubwa na nzito kwa rangi hubeba ukuta. Ndogo zikusanywe pamoja badala ya kutawanywa. Kitovu cha kila picha kiwe kati ya sentimita 145 na 152 kutoka sakafuni, na kipimo kimoja kitumike ukumbi mzima. Ili kupata mahali pa kupigilia msumari, chukua kimo cha kitovu, ongeza nusu ya kimo cha picha, kisha toa umbali kutoka ukingo wa juu wa fremu hadi kwenye waya uliovutwa. Kwa picha yenye kimo cha sentimita 60, kitovu cha 150 na waya ulio sentimita 8 chini ya ukingo, msumari utakuwa sentimita 172 kutoka sakafuni. Pete za waya zifungwe nyuma ya fremu, kati ya robo na theluthi ya kimo kutoka juu, na kila picha ining'inie kwenye misumari miwili ili isipinde watu wanapopita. Pimamaji ya fundi imalize kazi.

Taa za ukumbi zielekezwe kwa pembe ya nyuzi 30 hivi kutoka wima, ili mng'ao usimpige mtazamaji na kivuli cha fremu kisifunike picha. Lebo itaje jina la mchoraji, jina la picha, mwaka, "rangi ya mafuta kwenye kanvasi" na vipimo, kimo kikitangulia upana. Siku moja ya maonyesho itengwe kwa somo fupi la vitendo ndani ya ukumbi huohuo, mbali na picha zilizotundikwa na bila kiyeyusho chochote, kwani mgeni aliyeona kivuli kikijengwa mbele yake huzirudia picha za ukutani kwa macho mengine.

Baada ya maonyesho

Wakati wa kushusha, picha zisifungwe kwa nailoni iliyogusa rangi, hasa zile ambazo hazijatimiza mwaka. Ziwekwe uso kwa uso zikitenganishwa na vipande vya kadibodi kwenye pembe, au zifunikwe kwa karatasi laini isiyoshika. Katibu aandike katika daftari la klabu tarehe ambayo kila picha ilikamilika, ili mwenyewe, au aliyeinunua, ajulishwe inapofika miezi 6 hadi 12. Siku hiyo pamba iliyoloweshwa kidogo kwa kiyeyusho hafifu hupitishwa taratibu kwenye pembe isiyoonekana. Ikitoka safi, picha iko tayari kwa vanishi. Ikitoka na rangi, isubiri mwezi mmoja au miwili na kujaribiwa tena.